Maji Yasiyolowesha

Mji wa Kericho umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha huko kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Asubuhi huwa nyeupe. Mchana mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Victoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya vilima vya Mau, na kabla ya jua kuchwa mvua imeshuka, mara nyingi ikiwa na mawe. Kutoka Kericho mjini hadi Litein, Mogogosiek na Kapkoros upande wa Bomet, ratiba hiyo haibadiliki sana. Mchumaji chai hujifunga aproni yake ya plastiki akaendelea na kazi. Mpiga picha huitia kamera mkobani akaenda kutafuta pa kujikinga.

Kwa sababu hiyo ndogo, nchi inayoishi kwa mvua imejulikana duniani kwa picha za jua. Mche wa chai ulipandwa Kenya kwanza Limuru, mwaka 1903. Kericho ulifika kwa wingi katikati ya miaka ya 1920, wakati Brooke Bond na James Finlay walipochukua mashamba kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa imegawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walijaribu kulima kitani, bei ikaanguka, wakashindwa. Tangu hapo sura ya eneo imekuwa ileile: vilima vya kijani, mistari ya michai, wachumaji na vikapu migongoni. Noti ya shilingi 10 iliyotolewa mwaka 1966, katika noti za kwanza za Benki Kuu ya Kenya, ilikuwa na wachumaji chai mgongoni mwake. Wakenya wengi ambao hawajawahi kuloweshwa na mvua ya Kericho waliibeba Kericho mfukoni.

Maji yalipohitajika pichani, yalitiwa baadaye. Na kutia maji pichani kuna historia ndefu kuliko kompyuta.

Wenye mashamba, kwa kweli, walijaribu kwanza kuihariri mvua yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za chai ziliwaita wataalamu kutoka California, na ndege zao zikawa zinaruka chini ya mawingu ya Kericho na Nandi zikitawanya moshi wa ayodaidi ya fedha. Nia ilikuwa kuzifanya punje za barafu angani ziwe nyingi na ndogo badala ya chache na kubwa, ili zikifika chini zisiyararue majani. Mwaka 1982 watafiti wawili, Schnell na Tan-Schnell, walichapisha matokeo ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: majani makavu yaliyooza chini ya michai yana chembe zenye uwezo mkubwa wa kugandisha maji. Vumbi linalotimuliwa na shughuli za shambani huenda ndilo linalopanda mawinguni na kurudi kama mawe. Shamba lilikuwa likijitengenezea adui wake. Tuiache hadithi hiyo hapo, ingawa sijui nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi watu wa chai walivyotaka maji yawe ya namna wanayotaka wao.

Tukirudi pichani, fundi mashuhuri wa kwanza wa maji ya kuunga alikuwa Mfaransa Gustave Le Gray. Vioo vya negativu vya zama zake vilikuwa vyepesi mno kunasa rangi ya buluu. Ukiipa bahari muda wa kutosha, anga linaungua na kuwa jeupe tupu, na ukilipa anga haki yake, bahari inabaki giza. Kati ya 1856 na 1857, pwani ya Normandy kisha Sète kwenye Mediterania, Le Gray alipiga anga peke yake na bahari peke yake, akaziunganisha kwenye karatasi moja na kuuficha mshono pale maji yanapokutana na anga. Picha yake ya merikebu chini ya mbalamwezi iliwasisimua watazamaji wa London. Mbalamwezi yenyewe ilikuwa jua la mchana, likimetameta juu ya maji na kutiwa giza kwa ufundi. Madeni yalimfukuza Paris mwaka 1860, akaishia Cairo, na huko ndiko alikofia mwaka 1884.

Afrika Mashariki ufundi wa studio uliingilia pwani. Katika karne ya 19 A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar, na William Young alikuja Mombasa kupiga picha za ujenzi wa reli ya Uganda. Lakini mtu ninayemhesabu kuwa babu wa wahariri wa picha wetu ni Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 1993. Alianza akizunguka na kamera mtaani, kisha miaka ya 1960 akafungua Bakor Studio. Hakusomea chuo chochote. Katika chumba chake cha giza alikata, akabandika, akapiga negativu mbili tatu kwenye karatasi moja, hadi wateja wake wakatokea mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kusimama. Lamu ni mji wa Waislamu wenye mashaka ya zamani juu ya sanamu za viumbe hai, na Heike Behrend, mtafiti Mjerumani aliyeandika sana kuhusu picha za pwani yetu, ameona uhusiano kati ya mashaka hayo na kazi za Bakor: picha iliyoungwa waziwazi haidai kuwa imeumba kiumbe. Inasema tangu mwanzo kwamba ni kazi ya mkono.

Kisha kuna Likoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vibanda vya wapiga picha vilipangana karibu na kivuko cha Mombasa, na wengi wa wenye vibanda hivyo walikuwa watu wa bara. Kila kibanda kilikuwa na mapazia yaliyochorwa: meli kubwa, ndege, maghorofa ya miji ya mbali, mawimbi. Hatua chache kutoka hapo bahari ya kweli ilikuwa ikipiga ukuta na feri za kweli zikivuka. Mteja aliipa mgongo akaingia kibandani kusimama mbele ya bahari ya rangi. Watu wa tabaka la juu waliona upumbavu. Mimi naona hesabu nzuri ya fundi. Bahari ya kweli saa saba mchana inamfanya mtu akunje uso, na mwanga wake mkali unageuza ngozi nyeusi kuwa kivuli. Meli haisimami unapotaka, na abiria wanapita mbele ya kamera. Bahari ya pazia ina utulivu, ina meli, na haina jasho. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na hapo, na watu 272 wakafa maji. Mapazia ya bahari na meli hayakuondolewa Likoni kwa ajili ya hayo. Maji ya pichani na maji ya kivuko yalikuwa yamekwisha kuwa vitu viwili, na kila mteja alilijua hilo.

Picha hizo zilipanda basi kurudi bara. Sebule nyingi za Bonde la Ufa zilikuwa na picha ya kijana aliyefanya kazi Mombasa, mkono kiunoni, meli nyuma yake.

Wakati Likoni inachora mapazia, Marekani ndugu wawili walikuwa wametengeneza pazia lisilo na mwisho. Thomas Knoll alianza programu yake ya picha za kompyuta mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kaka yake John alikuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya athari za sinema. Mwaka huohuo John alikwenda Bora Bora, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, akampiga mchumba wake picha akiwa ameketi mchangani, bahari mbele yake na kisiwa kikionekana ng'ambo. Picha hiyo ilipoingizwa kwenye kompyuta ikawa ndiyo ya kuonyeshea wanunuzi uwezo wa programu: kisiwa kilinakiliwa kikawa viwili, mtu akanakiliwa. Mwaka 1989 sinema ya The Abyss ilionyesha kiumbe kilichoumbwa kwa maji matupu, kikinyoosha shingo na kuiga nyuso za watu, na programu ya akina Knoll ilitumika katika kuunganisha picha za mazingira yake. Adobe waliiuza kwa jina la Photoshop kuanzia tarehe 19 Februari 1990. Hivyo maji yalikuwamo tangu siku za kwanza, na kuna sababu: maji ndiyo mtihani mgumu. Anayeweza kuyadanganya maji ameweza mengine.

Mwaka 1994 zilikuja leya, yaani matabaka ya picha yanayolazwa moja juu ya jingine bila kuharibiana. Kwa kutia maji, hilo ndilo lililobadilisha kazi. Kabla yake ulichobandika kilikuwa kimeshikana. Sasa mvua iliweza kukaa kwenye tabaka lake, ziwa kwenye lake, na mteja akisema mvua imezidi, unaipunguza bila kugusa uso wake. Mwaka 1996 ikafuata GIMP, programu ya bure, na bure ni neno zito kwa mwenye kibanda kidogo.

Kericho na Bomet zilifika huko kwa njia ya saiba na studio za mjini, katika muongo wa kwanza wa karne hii, filamu ilipokuwa inakufa. Kazi zilikuwa nyingi: kalenda, mabango ya uchaguzi, programu za mazishi, majalada ya kanda na diski za waimbaji wa Kikalenjin, picha za harusi za kutiwa kwenye fremu. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitua Mombasa, na zikaleta, pamoja na mengine yote, maporomoko na fukwe za dunia nzima, tayari kupakuliwa. Matokeo yake yakaonekana kwenye fremu. Bwana na bibi harusi wamesimama kwenye michai ambayo mtu yeyote wa hapa angeitambua, na mbele ya miguu yao kuna maji ya samawati ya Karibea. Nyuma yao Niagara inamwagika, mahali ambapo panapaswa kuwa na barabara ya kwenda Sotik.

Sicheki. Ni bahari ya Likoni imepanda mlima. Ila pazia la Likoni halikujifanya kitu kingine, na programu inaahidi kwamba maji yataonekana ya kweli. Ahadi hiyo ndiyo tunayoweza kuipima, na hakuna mahali pazuri pa kuipimia kuliko bwawa la Chagaik, karibu na mji wa Kericho, penye bustani ya miti iliyoanzishwa na mkulima wa chai Tom Grumbley baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Simama ukingoni asubuhi kabla ya upepo. Maji yaliyo karibu na miguu yako unaona ndani yake: tope, majani yaliyozama, shina. Inua macho polepole kuelekea ng'ambo na sakafu ya bwawa inapotea. Mahali pake panachukuliwa na miti na anga. Mfaransa mwingine, Augustin-Jean Fresnel, alitoa hesabu ya jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiyatazama maji wima, yanakurudishia kama asilimia 2 tu ya mwanga. Ukiyatazama kwa mshazari mkali, karibu wote. Mwanafunzi wa Photoshop hufundishwa kunakili nusu ya juu ya picha, kuipindua kichwa chini, na kuilaza chini kama ziwa. Akiishia hapo amepata kioo. Ili iwe maji, taswira lazima ififie kadiri inavyomkaribia mtazamaji, na chini yake rangi ya bwawa ianze kujitokeza.

Kuna kosa la pili ambalo wengi hawalioni. Taswira ya mti majini si nakala ya mti. Ni mti kama ungeonekana na jicho lililo chini ya uso wa maji, kwa hiyo unaona uvungu wa matawi na upande wa chini wa majani, vitu ambavyo picha yako ya juu haikuvinasa. Mti ukiwa mbali tofauti ni ndogo na udanganyifu unapita. Mtu akiwa ukingoni kabisa, kama maharusi wanavyopenda, tofauti ni kubwa, na hapo fundi mwenye busara huvuruga maji kwa makusudi ili kuficha asichokuwa nacho.

Kuvuruga nako kuna njia yake. Programu hupewa ramani ya kusogeza: picha ya kijivu ambayo weupe na weusi wake huiambia isukume kila pikseli upande upi na kwa kiasi gani. Vivuli vya kijivu huhesabiwa kutoka 0 hadi 255, na 128, kijivu cha katikati, hakisukumi chochote. Viwimbi vilivyo karibu viwe vipana, na vya mbali visongamane hadi kuwa mistari myembamba. Ziwa lenye viwimbi vya ukubwa mmoja kutoka ukingo hadi ukingo linaonekana kama pazia lililoning'inizwa.

Mvua ni rahisi kuitengeneza na rahisi kuikosea. Mapishi ya kawaida ni kutia chenga nyeupe kwenye tabaka jeusi, kuzivuta zikawa michirizi, kisha kuondoa weusi. Urefu wa mchirizi ndio unaosema ukweli. Tone kubwa huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, tone limeshuka sentimita 15. Kwa sehemu moja ya 1,000 limeshuka milimita 9 tu na linaonekana kama kidoa. Picha yenye michirizi mirefu ya mvua na mchumaji anayerusha kikapuni majani yaliyoganda hewani bila ukungu wowote imejipinga yenyewe. Na mvua huanza kufifisha vilima kabla haijaonekana kama mvua. Wengi hutia michirizi mbele wakaacha kilima cha nyuma kikiwa na ukali wa asubuhi.

Upinde wa mvua nao hutokea upande ulio kinyume na jua, duara lake likiwa na nyuzi kama 42 kutoka mahali kivuli cha kichwa chako kinapoelekea. Mvua ya Kericho ni ya mchana, jua likiwa limekwisha kuelekea magharibi, kwa hiyo upinde wetu hukaa mashariki na vivuli vya watu huuelekea. Nimeona kalenda yenye upinde na jua upande mmoja. Lakini kosa linalonikera kuliko yote ni la rangi. Mito yetu ikijaa haiwi samawati. Itare, Kipsonoi, na Nyangores inayopita Bomet kwenda kuungana na Amala na kuwa Mara, zote zikipokea mvua kubwa hugeuka kahawia nzito kwa udongo wa mashamba. Fundi wa Litein anayetia maji safi ya buluu chini ya mvua kali amesahau kitu anachokivuka kila jioni akirudi nyumbani.

Mwaka 2016 Wakenya walicheka kwa wiki kadhaa picha za msichana aliyejibandika China kwa mkato mbovu, miguu ikielea, kivuli hakuna. Wengine wakaanzisha mchango wa kumpeleka huko kwa kweli. Kicheko hicho kilikuwa cha watu wanaojua kusoma picha. Kwenye mafuriko kicheko hukauka. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, na maji yalipofagia makazi ya Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, miaka 30 kamili baada ya Mtongwe, picha ilikuwa kitu cha kutafutia ndugu, cha kuombea msaada, cha kuulizia nani alijenga nini wapi. Katika saa kama hizo maji ya kubandika ni madhara. Dunia ina mfano wake maarufu: papa anayeogelea barabarani baada ya kimbunga, aliyesambazwa kama picha ya Puerto Rico mwaka 2011 na kurudi tena kwa mafuriko mengine mengi. Papa huyo alikatwa kutoka picha ya kweli ya Thomas Peschak, iliyopigwa bahari ya Afrika Kusini.

Tangu 2023 Photoshop inaweza kuandikiwa neno tu, nayo ikatia ziwa lenyewe, na taswira ikafifia inavyotakiwa, viwimbi vikasongamana mbali. Makosa niliyoyaeleza hapo juu, ambayo kwa miaka mingi yalimsaidia mtazamaji mkali, yanapungua kila toleo. Adobe na wenzao wamependekeza alama ya kidijitali inayobaki ndani ya faili na kueleza imeguswa wapi, lakini picha nyingi zetu huzunguka kwa simu, zikipigwa picha ya skrini na kutumwa tena, na alama hufia njiani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mwenye studio wa Kericho, Litein, Sotik na Bomet. Picha ya harusi itie maji utakavyo, mteja akiridhika. Bakor na watu wa Likoni walikutangulia. Picha ya mto uliofurika, ya daraja lililobebwa, au ya michai iliyochanwa na mawe, iache ilivyotoka kwenye kamera, na ihifadhi faili ya kwanza pamoja na tarehe na mahali ulipoipigia, hata kama hakuna aliyekuomba.